Kusawazisha kioo cha pili cha Schmidt-Cassegrain: nyota ya angani, gololi ya baiskeli au leza?

Maelekezo mengi ya kusawazisha darubini ya Schmidt-Cassegrain (ile yenye kioo kikuu nyuma ya bomba na kioo kidogo cha pili mbele, ambacho mwinamo wake ndio unaorekebishwa) huanza hivi: elekeza Polaris, nyota ya kaskazini, maana nyota hiyo haisogei. Huku kwetu ushauri huo haufai kitu. Nakuru iko kama nyuzi 0.3 kusini mwa ikweta na Kisumu nyuzi 0.1, kwa hiyo Polaris inalala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na mabati ya jirani. Nyota nzuri tulizonazo ni zile zinazopita karibu na utosi, na hizo ndizo zenye mbio kuliko zote: sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Ukiweka lenzi ya jicho yenye uwanja wa nyuzi 50, ikuze mara 200, nyota iliyo katikati inatoka nje ndani ya nusu dakika kama huna mota ya kuifuata. Mtu wa Maseno, penye mstari wenyewe wa ikweta, hawezi kuchagua njia kwa vigezo vya mtu wa London.

Njia zinazolinganishwa hapa ni zile zinazopatikana kweli kati ya Nakuru, Kisumu na Kakamega: nyota ya angani, gololi inayoakisi jua, tochi yenye tundu, kamera, na leza. Mwishoni kuna suala la skrubu zenyewe, ambalo watu hulipuuza mpaka bisibisi iteleze.

Kinachosawazishwa ni nini

Kioo kikuu kilicho nyuma ya bomba ni cha f/2, yaani urefu wake wa fokasi ni mara 2 ya kipenyo. Kioo cha pili, kile kidogo kilichoshikiliwa katikati ya lenzi nyembamba ya mbele, kinazidisha mara 5, na jumla inakuwa f/10. Kwa bomba la inchi 8, kama Celestron C8 iliyoanza kuuzwa 1970, kipenyo ni milimita 203 na urefu wa fokasi ni milimita 2032. Huko kuzidisha mara 5 ndiko kunakofanya mwinamo mdogo wa kioo cha pili uharibu picha nzima: mikanda ya Mshtarii inafifia, mwanya mweusi kati ya pete za Zohali unapotea, na nyota inaota mkia upande mmoja.

Kioo kikuu hakina skrubu za mtumiaji. Kinateleza mbele na nyuma tu unapozungusha nobu ya fokasi. Kazi yote basi iko kwenye skrubu tatu za kioo cha pili, zilizopangwa pembetatu. Kwenye baadhi ya darubini zimefunikwa na kifuniko cha plastiki ambacho huzungushwa au kubanduliwa taratibu kwa ukucha.

Kabla hujagusa chochote, tambua mambo mawili. Kama kuna skrubu ya nne katikati kabisa, iache. Kwenye baadhi ya mabomba ya zamani ndiyo inayoshika kioo, na ukiifungua kioo kinaangukia kioo kikuu. Vilevile, kama darubini yako ni ya aina inayoruhusu kamera kuwekwa mbele badala ya kioo cha pili, kuna pete kubwa yenye meno inayozunguka kishikio. Hiyo si ya kusawazisha. Ukiifungua, kioo kizima kinatoka mkononi mwako gizani.

Kwa kuzitazama pamoja

| Njia | Mahitaji | Inakufikisha wapi | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Nyota ya angani | anga wazi, mota, hewa iliyotulia | mwisho kabisa | mawingu, hewa inayochemka |
| Gololi na jua | gololi, kitambaa cheusi, uwanja wa mita 40 | karibu na mwisho | joto la ardhi baada ya saa mbili asubuhi |
| Tochi yenye tundu | tochi, karatasi ya alumini, sindano | pete za nje ya fokasi | tundu kubwa kuliko inavyotakiwa |
| Kamera | kamera ya sayari au simu yenye kishikio | mwisho, ukiwa peke yako | huongeza kazi ya kuunganisha vifaa |
| Leza ya kawaida | kifaa cha kununua | makadirio tu | haijui mhimili halisi wa vioo |

Jedwali hilo halionyeshi jambo moja la maana: nyota ya angani ndiyo hakimu. Njia nyingine zote hukupeleka mlangoni kwake, au hukusaidia pale ambapo mawingu ya jioni yamekunyima nafasi. Atakayekuuzia kifaa cha kuondoa kabisa haja ya nyota, kwa aina hii ya darubini, anakupotosha.

Nyota ya angani

Anza na joto. Bomba lililokuwa sebuleni likatolewa kwenye baridi ya Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, linahitaji saa moja au zaidi kupoa, maana limefungwa mbele na nyuma. Ukiwahi, utaona ndani ya duara la nyota kitu kama ulimi wa moto unaopanda kutoka katikati kwenda upande mmoja. Hiyo ni hewa ya moto inayopanda kutoka ndani ya bomba, haihusiani na skrubu. Wengi hukaza na kulegeza skrubu wakifukuza ulimi huo hadi usiku wa manane.

Nyota iwe juu, kati ya nyuzi 60 na 75. Chini ya hapo hewa ni nene. Utosini kabisa nako ni pabaya kwa stendi inayozunguka kulia na kushoto, kwa sababu mota ya kuzunguka inalazimika kukimbia mno ili kufuata nyota inayopita juu ya kichwa. Mnamo saa tatu usiku, Januari unaipata Rigel, Aprili, Regulus na Alphard, Julai, Antares au Arcturus, Oktoba, Enif. Sirius ni kali mno kwa hatua ya mwisho ya ndani ya fokasi. Epuka pia nyota pacha zinazokaribiana kama Castor, au Acrux, ile ya chini ya Msalaba wa Kusini, maana mwenzi wake ataonekana kama kosa lisilokuwepo.

Toa kiwiko chenye kioo, kile kinachopinda mwanga kabla ya lenzi ya jicho, ikiwa unaweza, uangalie moja kwa moja. Kiwiko hugeuza picha, na kiwiko kibovu huongeza kosa lake mwenyewe kwenye hesabu yako. Kama shingo haikuruhusu, kiache, mradi ni kile kile unachokitumia kila siku.

Sasa weka lenzi ya jicho ya milimita 10, ambayo kwa C8 inakuza mara 203, na uitoe nyota kwenye fokasi hadi iwe duara la pete lenye kivuli cheusi katikati, mfano wa washa ya bolti. Kivuli hicho ni cha kioo cha pili. Kikikaa katikati sawasawa, funga kazi, kalale. Kikisogea upande mmoja, washa inakuwa nyembamba upande huo na nene upande wa pili.

Kutambua ni skrubu ipi hakuhitaji kukariri. Nyoosha kidole mbele ya ukingo wa bomba kikielekea katikati. Kivuli cha kidole kitaonekana ndani ya duara. Kizungushe ukingoni mpaka kivuli kikae pale washa ilipo nyembamba kuliko kote. Skrubu iliyo karibu zaidi na kidole ndiyo ya kuanza nayo. Kidole kikiangukia katikati ya skrubu mbili, anza na ile iliyo upande wa pili, inayokitazama. Usikiache kidole hapo muda mrefu, joto la mkono nalo linachemsha picha.

Kisha fanya jambo linaloonekana la ajabu mara ya kwanza: kwa rimoti, ihamishe nyota kutoka katikati hadi karibu na ukingo wa uwanja, upande ule ule ambako kivuli cheusi kimeegemea. Zungusha skrubu uliyoichagua kwa sehemu moja ya kumi ya mzunguko, yaani kadiri mkono wa dakika wa saa unavyosogea dakika sita. Nyota ikirudi kuelekea katikati, uko sawa. Ikikimbilia nje, unazungusha kinyume. Ikishafika katikati, angalia tena washa. Rudia, kila mara hatua ikiwa ndogo kuliko iliyopita.

Skrubu zote tatu zinavuta kioo kimoja, hivyo usiguse moja kana kwamba nyingine hazipo. Ikianza kulegea kabisa, kaza mbili nyingine kwa kiasi kile kile. Ikiwa ngumu mno, legeza hizo mbili. Kulazimisha kunakunja kioo: nyota inakuwa ya pembetatu, na hakuna kusawazisha kutakakoiondoa pembetatu hiyo mpaka ulegeze. Kuzilegeza zote tatu pamoja ni hatari zaidi, kwani kioo kinaweza kuzunguka au kuanguka.

Hatua ya mwisho ni ya usiku uliotulia, na ndiyo inayotenganisha darubini nzuri na iliyo tayari kwa Mshtarii. Badilisha kwa lenzi ya milimita 6, yaani mara 339 kwa C8. Weka nyota ya mwangaza wa daraja la 2 ndani ya fokasi kamili. Utaona kitone chenye pete nyembamba ya kwanza kukizunguka. Pete ikiwa imekatika au kung'aa zaidi upande mmoja, bado. Sasa hatua ni za sehemu moja ya 20 ya mzunguko au chini yake, dakika tatu za saa, wakati mwingine ni kuigusa tu skrubu bila jicho kuona imesogea. Hewa ikichemka pete haitulii, na hapo huna budi kusubiri. Ukikaza skrubu kufuata pete inayocheza unavuruga ulichopata.

Kumbuka pia kwamba kioo kikuu kinateleza kwenye bomba lake la ndani na hulala kidogo upande wa chini. Maliza fokasi kwa kuzungusha nobu kinyume cha saa, ili kioo kisukumwe juu dhidi ya uzito wake, na kazi ya kusawazisha uifanye upande wa anga utakakokuwa unatazama. Kusawazisha kulikofanywa nyota ikiwa mashariki kunaweza kupungua ubora darubini ikishageukia magharibi.

Gololi na jua la asubuhi

Jioni za Kisumu na Kakamega, mvua ya radi hupanda kutoka ziwani au msituni, na nyota zinaonekana kwa dakika kumi kisha basi. Kwa mwenye hali hiyo, gololi ya chuma ni njia bora kuliko zote zinazonunuliwa, na inapatikana kwa fundi yeyote wa baiskeli.

Fizikia yake ni nyepesi. Gololi ni kioo mbinuko. Inatengeneza taswira ndogo mno ya jua. Gololi ya kitovu cha gurudumu yenye kipenyo cha milimita 6.35 inatoa taswira ya jua ya takribani milimita 0.015. Kwa umbali wa mita 40, nukta hiyo ni ndogo sana kuliko kitu chochote ambacho darubini ya inchi 8 inaweza kukipambanua. Mwangaza wake kwa umbali huo unakaribia ule wa Zuhura, na jambo kuu ni kwamba haisogei. Yule asiye na mota ya kufuatia, au ambaye mota yake imeharibika, anapata hapa kile ambacho mtu wa kaskazini anakipata kwa Polaris.

Chagua gololi mpya isiyo na kutu wala mikwaruzo, uifute grisi kwa petroli kidogo kisha kwa sabuni. Ibandike kwa tone la gundi kwenye ubao uliofunikwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Sogea mita 40 au zaidi. Kwenye uwanja wa mpira, ni chini kidogo ya umbali wa kutoka mstari wa goli hadi katikati. Karibu zaidi ya hapo, picha huongezewa kasoro za umbali ambazo huzihitaji, na chini ya mita 6 hadi 8 C8 haipati fokasi kabisa. Ubao uinuliwe, uwekwe juu ya meza au ukuta, kwa sababu hewa ya moto imeshikana na nyasi.

Muda ni kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Jua likiwa chini mashariki, nawe ukielekeza bomba magharibi, miale inakuja kutoka mgongoni mwako na kurudi kwenye darubini. Mpangilio huo pia unakulinda. Darubini isiyo na kichujio cha jua ikipita kwenye jua hata kwa sekunde, jicho limekwisha. Funika na kile kidarubini kidogo cha kutafutia. Baada ya saa mbili ardhi inaanza kupika hewa, na kandokando ya ziwa upepo wa kutoka majini nao huanza kuvuma asubuhi ikikua.

Udhaifu wa gololi uko katika mlalo. Bomba likiwa limelala, kioo kikuu kinalalia upande tofauti na pale linapoelekea juu. Kwa hiyo utamaliza hatua ya kivuli kuwa katikati, lakini pete ya kwanza ya ndani ya fokasi bado inadai nyota ya angani usiku. Sema badala ya saa nzima ya usiku, utahitaji dakika kumi, na hizo dakika kumi hata anga ya Kondele, mtaani Kisumu, inakupa.

Tochi yenye tundu

Hii ni ya usiku wa mawingu, na kosa la kawaida ni moja: tundu. Ncha ya sindano ya kushonea ikitoboa karatasi ya alumini huacha tundu la kama milimita 0.3. Kwa mita 40, hilo ni sekunde 1.5 za tao, kubwa kuliko kitone chote cha nyota cha darubini ya inchi 8, ambacho ni sekunde 1.4 hivi. Linafaa kwa pete za nje ya fokasi, halifai kwa zaidi. Ukitaka tundu hilo hilo likutumikie vizuri, sogea hadi mita 200. Au tengeneza dogo: lalisha karatasi ya alumini juu ya kioo, bonyeza ncha tu ya sindano bila kuipitisha, kisha tafuta kwenye mwanga matundu madogo kuliko yote na uzibe mengine kwa tepu nyeusi. Nyota bandia za kununua huwa na tundu la milimita 0.05, na kwa mita 40 hizo ziko sawa, lakini gololi tayari imezishinda kwa bei.

Kamera

Faida ya kamera haiko kwenye usahihi bali kwenye mikono. Aliye peke yake mbele ya bomba la inchi 9.25 au 11 hawezi kugusa skrubu huku jicho likiwa kwenye lenzi. Anakimbia mbele na nyuma, na kila mara anasahau kivuli kilikuwa wapi. Kamera ya sayari iliyounganishwa na kompyuta ndogo, skrini ikielekezwa pale unaposimama mbele ya bomba, inaondoa mbio hizo. Programu kama SharpCap na FireCapture huchora msalaba au duara juu ya picha, nawe unalinganisha kivuli na duara hilo. Hata simu iliyofungwa vizuri kwenye lenzi ya jicho inatosha kwa hatua ya washa, mradi umezima ung'avu wa kujirekebisha, la sivyo pete zitaungua na kuwa duara jeupe.

Kuna pia barakoa ya Bahtinov ya pande tatu, karatasi ngumu yenye mistari iliyokatwa ambayo hufunika mbele ya bomba, kila upande ukielekea skrubu moja. Inasomeka vizuri kwenye kamera, kwa jicho ni kazi zaidi. Kwa asiye na kamera hakuna sababu ya kuihangaikia.

Leza

Leza ya kusawazishia inayouzwa kwa wingi imetengenezwa kwa darubini za Newton, na huko inafanya kazi nzuri. Kwenye Schmidt-Cassegrain miale inaingia kwa nyuma, inagonga kioo cha pili na kurudi. Ikirudi pale ilipotoka, inakuambia tu kwamba kioo cha pili kinatazamana na tundu la nyuma. Lakini tundu la nyuma halijaahidi kuwa kwenye mhimili wa kioo kikuu. Mara nyingi limepinda kidogo, nacho kioo kikuu hakijaulizwa lolote. Zaidi ya hapo, leza yenyewe huwa imepinda ndani ya ganda lake. Ilaze kwenye vibao viwili vyenye umbo la V, izungushe, utazame nukta ukutani mita 5 mbele: ikichora duara badala ya kukaa mahali pamoja, haifai hata kwa Newton.

Kuna mifumo ya leza ya gharama kubwa iliyobuniwa kwa ajili ya Cassegrain, inayowekwa mbele ya bomba na kutuma miale kadhaa. Hiyo inafanya kazi, ila ni ya karakana au chuo chenye mabomba mengi. Mwenye bomba moja anapaswa kuweka fedha hizo kwenye kizuizi cha umande na mkanda wa kupasha joto, maana lenzi ya mbele ikilowa saa nne usiku hakuna njia yoyote kati ya hizi itakayoendelea. Ikishalowa usiifute, ipashe joto polepole kwa mashine ya kukaushia nywele iliyowekwa kwenye joto la chini.

Kwa kupata makadirio baada ya kioo kuvurugika kabisa, jicho linaishinda leza. Simama hatua mbili tatu mbele ya bomba, jicho moja, sawasawa na katikati. Utaona duara ndani ya duara, za vivuli na taswira za kioo cha pili. Zikikaa kwa pamoja kama pete za kisiki cha mti, nyota itapatikana ndani ya uwanja na unaweza kuendelea kwa njia ya kweli.

Skrubu za kiwandani au za kuzungusha kwa vidole

Baadhi ya mabomba yana skrubu za bisibisi ya nyota, mengine za aleni. Zote zinakulazimu kupeleka chuma chenye ncha juu ya lenzi ya mbele gizani. Hapo ndipo mikwaruzo ya lenzi inapotokea. Ukizitumia, chagua bisibisi fupi inayojaa kichwa cha skrubu sawasawa, ifunge kamba mkononi, na bomba liwe limeinama kiasi kwamba chombo kikianguka kinaanguka chini, si kwenye kioo.

Skrubu za kuzungusha kwa vidole, kama zile zinazojulikana kwa jina la Bob's Knobs, zinaondoa hatari hiyo na kuharakisha kazi. Kwa anayesafirisha darubini yake mara kwa mara, mfano kutoka Nakuru hadi Kericho na matuta yake yote, ni chaguo zuri kuliko leza, kamera na nyota bandia kwa pamoja. Hakikisha unaagiza zile za bomba lako hasa, kwa kuwa nyuzi za skrubu hutofautiana kati ya darubini na darubini. Zibadilishe moja baada ya nyingine: toa moja, weka mpya na uikaze hadi ishike, ndipo uende ya pili. Darubini iwe inaelekea chini kidogo, ili kioo kisipate nafasi ya kuangukia ndani.

Mwenye bomba la inchi 5 au 6 asiye na safari anaweza kubaki na za kiwandani. Hayo madogo hustahimili, na ukishalisawazisha mara moja vizuri linaweza kukaa miezi likiwa sawa. Ya inchi 8 kwenda juu, kagua kila baada ya safari na kabla ya usiku wowote wa sayari: dakika mbili za kutoa nyota nje ya fokasi na kuangalia kivuli kiko wapi. Kikiwa katikati, usiguse skrubu hata moja.